Mashudu si Takataka

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wetu hukiona na kukipita, nacho ni mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa mafuta.

Hapa kwetu Nsemulwa, katika mji wa Mpanda, mavuno yakiisha watu huchukua magunia ya alizeti na karanga kwenda kukamua. Mwenye gunia hushika dumu lake la mafuta akarudi kwake kwa furaha. Mashudu huyaacha mashineni, ama huyauza kwa bei ndogo. Na huko nyumbani yupo mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, naye hungoja uji wa muhogo mtupu. Je, mtu huyu amerudi na mali yake yote, au amerudi na nusu?

Ili tupate jibu, tutazame kwanza mbegu yenyewe. Ndani ya karanga mna mafuta, na tena mna kitu kiitwacho protini, ndicho kijengacho mwili. Ninyi wa nchi hii ya asali mwajua kwamba masega yakikamuliwa asali hutoka, na nta hubaki mkononi. Ndivyo ilivyo kwa karanga: mafuta hutoka, bali protini haitoki pamoja nayo, maana haiyeyuki katika mafuta. Katika gramu 100 za karanga nzima mna protini kama gramu 26. Mafuta yakiisha kutolewa vizuri, mashudu yake yaweza kuwa na gramu 45 hata 50 katika kila gramu 100. Linganisheni na unga wa mahindi, wenye gramu 8 au 9, na unga wa muhogo, ambao haupati hata gramu 3.

Kazi ya protini ni nini? Nyama ya mwili, damu, ngozi na nywele hujengwa kwayo. Kidonda hakiponi vema pasipo protini, wala mwili hauna silaha za kutosha za kupigana na maradhi. Mtoto anayekua na mama mwenye mimba au anayenyonyesha huihitaji kuliko wengine. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za watoto walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi: miguu yao ilivimba, na ngozi ikachubuka. Ugonjwa huo huitwa kwashiakoo. Chanzo chake si kimoja, lakini chakula duni cha namna moja ni katika mambo yanayouleta. Mkimwona mtoto aliyevimba miguu, msijaribu kumtibu kwa uji. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Kula mabaki ya karanga si jambo geni. Watu wa kaskazini ya Nigeria hufanya hivyo tangu zamani. Hukaanga karanga, huondoa maganda, huzisaga, kisha huukanda ule unga kwa maji ya moto kidogo mpaka mafuta yatoke. Mabaki huviringwa na kukaangwa, yakawa chakula kiitwacho kulikuli. Nasi twaweza kukamua nyumbani kwa namna hiyo, na mabaki tukayatia katika mboga ya kisamvu au katika uji wa mtoto aliyepita miezi 6. Mabaki hayo yana maji, basi yapikwe siku ile ile. Mwanzo mtoto apewe kidogo tu, maana wako wachache ambao karanga huwadhuru. Tena protini ya karanga peke yake haikukamilika. Maharage, au dagaa wa Ziwa Tanganyika waletwao kutoka Karema, huijaliza.

Lakini tusikieni vema: hatusemi kwamba kila mashudu ni chakula cha watu. Mashudu ya mashineni mara nyingi huwa na maganda mengi, hasa ya alizeti, na huanguka sakafuni au hutiwa katika magunia machafu. Hayo, yakiwa makavu na mazima, ni ya kuku na ng'ombe, nasi tutayala kwa njia ya yai na maziwa. Kwa hiyo usiyaache mashineni; yachukue, ni mali yako.

Yako na hatari iliyo kubwa kuliko uchafu, nayo ni sumukuvu, sumu itokayo katika ukungu. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na wataalamu walipotafuta sababu waliiona katika mashudu ya karanga waliyolishwa. Hapa Tanzania, mwaka 2016, watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Karanga mbovu zikikamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika mashudu. Na ng'ombe akilishwa, huingia katika maziwa. Basi msiseme, 'Hizi zimeoza, tuzikamue tu.'

Kwa hiyo yatupasa kushika mambo haya. Karanga zianikwe juu ya mikeka au turubai, si juu ya udongo. Kabla ya kukamua, zichaguliwe; zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitupwe, wala kuku wasipewe. Mashudu makavu yawekwe juu ya vichanja, mahali pasipovuja, yatumiwe mapema.

Mkulima amelima, amepalilia na kuvuna kwa jasho lake. Si haki aipeleke mbegu mashineni, arudi na mafuta ya kukaangia, na kile cha kumjenga mwanawe akiache nyuma. Safari ijayo, mwendapo kukamua, chukueni vyombo viwili: dumu la mafuta, na gunia safi la mashudu.