Kaboni ya mikoko inapimwaje? Jua kabla kijiji hakijasaini

Siku hizi neno "kaboni" limekuwa kama wimbo kwenye mikutano ya vijiji. Wengi wananiuliza: hewa inapimwaje mpaka ilipwe? Jibu ni kwamba hatupimi hewa, tunapima mti. Na kamba unayo nyumbani.

Hatua za kupima

1. Weka eneo la mfano. Kwenye mikoko mara nyingi ni duara la nusu kipenyo mita 7, ambalo ni mita za mraba 154 hivi. Maduara 65 ya namna hiyo yanatosha hekta moja.

2. Pima mzunguko wa kila mti kwa futi kamba, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenye mizizi ya miguu unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Andika na jina: mkoko, mchu, mkandaa, mkomafi. Uzito wa mbao haulingani.

3. Gawanya mzunguko kwa 3.14 upate kipenyo. Kisha wataalamu wanatumia kanuni ya kukadiria uzito mkavu bila kuukata mti.

4. Zidisha uzito kwa 0.47 upate kaboni, halafu kwa 3.67 upate hewa ukaa.

Mfano

Mkoko wenye mzunguko wa sentimita 63 una kipenyo cha 20. Uzito wake mkavu juu ya ardhi ni kama kilo 340, kaboni kilo 160, sawa na hewa ukaa kilo 585 hivi. Mkoko wa kipenyo cha 10 una uzito wa kilo 60 tu. Umeona? Unene ukiwa mara mbili, uzito unapanda zaidi ya mara tano. Ukikata mti mmoja mnene wa nguzo, miche mitano haiujazi pengo leo wala kesho.

Usisahau tope

Kwenye mikoko sehemu kubwa ya kaboni imelala kwenye tope, siyo kwenye shina. Ndiyo maana wapimaji wanachoma bomba ardhini na kupeleka udongo maabara. Ukifyeka mikoko ulime mpunga, lile tope linapata hewa, linaoza, na akiba ya miaka mingi inatoka.

Sasa hela

Hulipwi kwa miti yote iliyosimama. Unalipwa kwa kile kilichookolewa au kuongezeka kuliko ambavyo ingekuwa bila mradi. Wenzetu wa Gazi, Kenya, kupitia Mikoko Pamoja wanauza kaboni ya hekta 117 tangu 2013, na pesa zimeenda kwenye maji na shule.

Lakini angalieni: mikoko ya delta ya Rufiji ni hifadhi ya Serikali chini ya TFS, siyo msitu wa kijiji. Kijiji hakiwezi kuiuza peke yake. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, Morogoro.

Kwa hiyo akija mtu na mkataba, mkutano mkuu umuulize: umesajiliwa? Mmepima maduara mangapi, na tope mmepima? Mgao wa kijiji ni asilimia ngapi, kwa miaka mingapi? Na wakulima wa mpunga wataishije? Asipojibu, kalamu ibaki mfukoni. Mkataba uleteni halmashauri usomwe kwanza.