Tundu la Pili Ndilo Linaloharibu Ngozi

Mnunuzi wa ngozi haulizi koyote aliangushwa kwa bunduki ya aina gani. Hutazama manyoya, kisha hutafuta matundu. Tundu dogo kama punje ya hindi hushonwa kwa upande wa nyama, na manyoya marefu ya majira ya baridi yakaufunika mshono; mpasuko wa upana wa kiganja hauna dawa, na bei hushuka papo hapo. Koyote ni mnyama wa Amerika Kaskazini wa jamii moja na bweha wetu, mwenye uzito wa kilo 9 hadi 20 hivi, na katika majimbo ya magharibi ya Marekani kama Montana na Wyoming huwindwa kwa sababu hushambulia kondoo, na pia kwa ajili ya ngozi yake. Wawindaji wengi wanaotaka kuinusuru ngozi hiyo hukimbilia risasi nyembamba, kwa imani kwamba risasi nyembamba hutoboa tundu dogo. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Kinachoamua hatima ya ngozi ni kama kichwa cha risasi kitaishia ndani ya mwili au kitatokea upande wa pili, na hilo hutegemea jinsi kilivyoundwa na kasi yake kinapomgusa mnyama, kuliko jina lililogongwa kwenye kitako cha ganda.

Tuanze na vipimo vyenyewe. Risasi za kundi la .17 zina kipenyo cha milimita 4.4, za .204 Ruger, milimita 5.2, za .223 Remington na .22-250, milimita 5.7, na za .243 Winchester, milimita 6.2. Kati ya ndogo na kubwa hapo tofauti haifiki milimita mbili, na hakuna ngozi iliyowahi kutupwa kwa sababu ya milimita mbili. Kwa kawaida tundu la kuingilia huwa dogo kwa risasi zote hizi, kwa kuwa ngozi huvutika, ikaachia njia, kisha ikajirudi. Balaa liko upande wa pili. Huko kichwa cha risasi hufika kikiwa kimepanuka au kimevunjika, kimesukuma mbele vipande vya mbavu, na ngozi inayokutana nacho haina nyama wala mfupa nyuma yake wa kuiegemeza. Hutuna kwa nje, kisha huchanika.

Kwa nini risasi nyingine huvunjika na nyingine hupita nzima? Sehemu kubwa ya nyama ni maji, na shinikizo ambalo majimaji huweka kwenye ncha ya risasi hukua kwa mraba wa kasi. Kwa mita 600 kwa sekunde, hesabu rahisi ya fizikia hutoa shinikizo la mara 1,800 hivi ya lile la hewa tunayoivuta; kwa mita 900 hufika mara 4,000; kwa mita 1,200 huzidi mara 7,000. Madini ya risasi yaliyo katikati ya kichwa ni laini, na hayawezi kuhimili mzigo huo bila gamba la shaba kuyashikilia. Juu ya hayo kuna mzunguko. Kichwa cha .223 kilichotoka kwenye mtutu ambao mifuo yake hukamilisha duara moja kila sentimita 23 huzunguka zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde. Gamba jembamba likishapasuka, mzunguko huo huvitawanya vipande, na vipande vidogo vyepesi huishiwa kasi upesi. Gamba likiwa nene, kichwa hupanuka tu, kikabaki na uzito wake, na kikaendelea na safari mpaka nje.

Hapo wapo watakaosema: basi tutumie risasi ya kijeshi, iliyofunikwa shaba tupu, isiyopanuka, iingie kwa tundu dogo na itoke kwa tundu dogo. Hoja hii ina mvuto, lakini ushahidi hauiungi mkono. Risasi za kijeshi zimebaki hivyo kwa sababu nyingine kabisa: Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazopanuka kwa urahisi mwilini. Katika miaka ya 1980 daktari wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, alifyatua risasi kwenye jelatini iliyotengenezwa kuiga misuli, huko San Francisco. Alionyesha kwamba risasi ya kijeshi ya milimita 5.56, ndugu wa .223, husafiri kama sentimita 12 ikiwa imetanguliza ncha, kisha hupinduka ubavu na, ikiwa na kasi kubwa, hukatika vipande. Kifua cha koyote, ubavu hadi ubavu, kina sentimita kumi na kitu tu. Maana yake ni kwamba risasi hiyo yaweza kutoka kimyakimya, au ikatoka imelala ubavu. Ikitoka kimyakimya bila kugusa moyo, mnyama hukimbia na jeraha akafie mbali, na ngozi hupotea pamoja naye.

Njia iliyobaki ni risasi inayoingia nzima na kuvunjikia ndani. Hiyo ndiyo kazi ya vichwa vyenye ncha ya plastiki na gamba jembamba. Risasi ya .204 Ruger yenye kichwa cha gramu 2 hivi huondoka mtutuni kwa karibu mita 1,290 kwa sekunde, ya .17 Remington, yenye gramu 1.6, kwa karibu 1,230. Nishati yao ni ndogo kuliko ile ya .243 yenye kichwa cha gramu 6.5, lakini huachwa yote kifuani. Hata hivyo wembamba wa gamba una gharama yake. Kichwa dhaifu mno kikigonga mfupa wa bega kwa karibu hupasukia juujuu, kikachimba shimo pana kwenye ngozi ileile iliyokusudiwa kulindwa, na mnyama asife haraka. Kwa umbali, kasoro hugeuka: kichwa hicho cha .204 kikifika mita 275 hivi kimepoteza zaidi ya theluthi ya kasi yake, na nishati iliyobaki haifiki nusu. Upepo nao hukisukuma kirahisi. Ndiyo maana wanaowinda kwenye nyanda wazi hutetea .22-250 au .243, na kwa umbali wao wana haki. Kosa huja pale risasi hiyohiyo inapotumika kwa koyote aliyeitwa kwa filimbi akasogea hadi mita 40.

Pingamizi jingine ni kwamba risasi isiyotoka haiachi damu ya kufuatilia. Ni kweli. Lakini damu humsaidia mwindaji baada ya kazi kuharibika, ilhali nishati yote ikiishia kwenye mapafu na moyo mnyama huanguka karibu. Kwa hiyo hitaji la ngozi safi na wajibu wa kutomtesa mnyama hukutana kwenye risasi moja, mradi mlengaji akwepe bega na apige kifua nyuma yake.

Je, mjadala huu una maana leo, wakati kampuni ya mavazi ya Canada Goose imeacha kutengeneza nguo zenye manyoya na California imepiga marufuku uuzaji wa manyoya mapya tangu 2023? Unayo, kwa sababu koyote hawajaacha kuuawa. Kilichopungua ni thamani ya kinachobaki baada ya kuuawa. Sheria nazo zinabadili risasi zenyewe. Tangu Julai 2019 California hairuhusu madini ya risasi katika uwindaji wowote, kwa kuwa vipande vyake huwadhuru ndege wanaokula mizoga. Shaba tupu mara nyingi hupita nzima, jambo baya kwa ngozi. Vichwa vya unga wa shaba na bati uliogandamizwa huvunjika vizuri zaidi.

Anayechagua, basi, na aanze na umbali anaopiga mara nyingi, akadirie kasi itakayobaki hapo, ndipo atafute kichwa kilichoundwa kuvunjika kwa kasi hiyo. Kisha wakati wa kuchuna aandike umbali, mahali risasi ilipoingia, na kama ilitoka. Ngozi chache zilizoandikwa hivyo zitamwambia kuhusu bunduki yake mambo ambayo kisanduku cha risasi hakiyaelezi.