SIMU MKONONI, MIZANI WAPI?
Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa benki ya mkulima. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, aweza kuuliza bei ya Arusha akiwa shambani, na fedha zake zikamfikia huko huko. Twaisifu kazi hiyo. Lakini kujua bei kwafaa nini, ikiwa gunia hujazwa lumbesa, jambo lililokatazwa na sheria ya vipimo? Huko Ngorongoro nako, mara nyingi ng'ombe wa mfugaji hukadiriwa kwa macho tu. Ajuaye bei asijue uzito bado hajui haki yake. Ndugu wakulima na wafugaji, msiuze kabla ya kupima. Vyama vya ushirika navyo havina budi kuweka mizani penye mauzo.