Kumsoma Kezilahabi kuanzia kitabu cha kwanza

Kuna faida gani kurudia vitabu ulivyokwisha kuvisoma shuleni, tena kwa kufuata mwaka vilipotoka? Swali hili tumeulizwa tangu tuseme hewani kwamba tunazirudia riwaya za Euphrase Kezilahabi. Tunajibu hapa kwa wale ambao kipindi kiliwapita.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kisiwani Ukerewe, akafariki Januari 2020. Riwaya zake ni sita: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), Nagona (1990) na Mzingile (1991).

Ukizifuata hivyo, unamwona mtu akibadilika. Rosa Mistika inaeleweka na yeyote: binti aliyechungwa na baba mkali anapata uhuru asioujua. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda. Katika Kichwamaji, msomi Kazimoto anatafuta maana ya maisha na haioni. Ukifika Nagona huoni tena kijiji unachokijua, ni safari kama ya ndotoni. Anayeanza na hiyo hukata tamaa ukurasa wa tatu, na hatumlaumu.

Sisi tumekaa zaidi kwenye Gamba la Nyoka. Inahusu wanakijiji wanaotakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa, na wengine wanagoma. Ilipotoka, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu. Huku kwetu tulitangulia. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Mashamba ya mpunga yalibaki bondeni, kwa hiyo wengi waliendelea kushuka msimu wa kilimo na kukaa kwenye madungu. Kitabu hiki kisome kwa sauti mbele ya babu au bibi aliyehamishwa, sura moja moja, na umwachie nafasi akibishie. Atakuwa na mengi ya kuongeza kuliko sisi watangazaji.

Angalizo moja. Mwaka wa kuchapishwa si lazima uwe mwaka wa kuandikwa. Tamthilia yake Kaptula la Marx, inayoikejeli siasa ya ujamaa, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 lakini ikachapishwa 1999. Ukiiacha ya mwisho utadhani alisubiri vyama vingi ndipo aseme. Isome sambamba na Gamba la Nyoka.

Nakala za zamani ni adimu. Anza kwa kumuuliza mwalimu wa Kiswahili wa sekondari iliyo karibu nawe. Ndugu zetu wa delta mnaoagiza mzigo kwa boti, kifungeni kitabu kwenye nailoni kama mnavyofunga unga. Kikilowa maji chumvi, kurasa hugandana na huwezi kuzifunua tena.