Sista wa Dripu si Deiwaka

Kwenye video ya WhatsApp namwona Sista ametundika kichupa kwenye nguzo ya chandarua, nyumbani kwetu Ngamiani, macho kwenye saa ya mkononi, anahesabu matone. Mililita 250 zipite kwa dakika 120, seti ni ya matone 20 kwa mililita: matone 42 kila dakika. Dawa yenyewe, vankomaisini, haikimbizwi; ukiifungulia tu, mgonjwa anaweza kuwashwa mwili mzima na presha ikashuka. Ndiyo maana Sista hatundiki akaondoka. Saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, wiki sita, kwa ajili ya kidonda cha sukari cha Mama kilichofika mfupani.

Tulipatana alipwe kwa ujio. Siku moja Mama aliitwa kliniki ghafla, Sista akakuta mlango umefungwa, na nauli ya bajaji kutoka Kange imeshamtoka. Akauliza kwa adabu. Kaka yangu aliye Muscat akajibu kwenye grupu: "Huyu ni deiwaka. Hajafanya kazi, alipwe nini?" Nikanyamaza. Aibu ni yangu, maana mimi huku Ohio natundika dripu majumba ya watu, na nauli yangu nadai.

Sisi watu wa Tanga tungepaswa kuyajua haya mapema. Babu zetu kwenye mashamba ya mkonge walifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda. Umemaliza ngwe yako, unawekewa alama. Umelala na homa, hakuna alama. Mshahara ulisubiri kadi ijae. "Kibarua" nacho ni barua iliyopunguzwa, kikaratasi cha mtu wa kutwa. Malipo ya ujio ni kipande kilichohamia kwenye simu.

Sheria ya leo Tanzania Bara haiangalii jina mlilompa mtu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa mwajiriwa, hata mkataba useme nini, likithibitika walau jambo moja kati ya saba, mpaka upande wa pili uonyeshe vinginevyo. Nani anapanga saa zake? Grupu letu. Nani kanunua kanula, seti na stendi ambayo haijafika mpaka leo? Sisi. Mengine sikuhitaji kuyasoma. Kama angekuwa na wateja wake wengi, vifaa vyake na ratiba yake mwenyewe, hadithi ingekuwa nyingine.

Akishakuwa mwajiriwa, bili inabadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka huohuo, inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 alfajiri na kuongeza asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Dripu ya pili ya Mama yote imo humo. Michango ya NSSF ni asilimia 20, walau nusu ikitoka kwa mwajiri. Na sindano ikimchoma Sista? Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ila mwajiri awe amejisajili. Sisi hatukuwa tumefikiria hata jina la mfuko.

Msidhani Marekani wamelimaliza suala hili. Hapa vita ni ya fomu: W-2 ni mwajiriwa, 1099 ni mtu anayejitegemea, anayebeba mwenyewe kodi ya asilimia 15.3 ambayo kwa mwajiriwa wanagawana nusu kwa nusu. Mwaka 2002, katika shauri la Elwell lililotoka hapahapa Ohio, mahakama ya rufaa ilikataa mwajiri amnyime nesi wa majumbani malipo ya saa za ziada, kwa kuwa alimlipa mseto: kwa ujio huku, kwa saa kule.

Sasa tunamlipa Sista kwa siku, nauli kando, na akikuta mlango umefungwa siku yake inahesabiwa. Tumeandika ukurasa mmoja, kila upande una nakala. Kaka bado amenuna.

Nanyi mnaotuma hela nyumbani, ulizeni kwanza leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha muandikiane. Mkimdhulumu malipo ana siku 60 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkimwachisha kazi, siku 30.