Picha za mandhari: kinachouzwa ni haki, si karatasi

Tunduma inajulikana kwa malori na wabadilishaji fedha wa mpakani. Hata hivyo, wenye mitaji midogo wana bidhaa nyingine isiyopita kwenye mizani: picha za mandhari za Mkoa wa Songwe. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuzidi tani 10, na mashamba ya kahawa ya wilaya hiyo ni picha zinazofaa kwa kalenda, hoteli na mawakala wa utalii.

Kinachouzwa ni haki ya kutumia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda picha tangu inapopigwa, hata bila kusajiliwa. Mwenye tovuti aweke humo picha ndogo tu na kubwa azihifadhi. Mnunuzi aandikiwe matumizi, muda na bei. Picha ileile inaweza kuuzwa tena kwa mwingine, isipokuwa mteja wa kwanza amelipia kuitumia peke yake.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme jina la tovuti na hifadhi yake vinagharimu Sh. 200,000 kwa mwaka, na kila kibali cha matumizi ni Sh. 50,000. Vibali vinne hurudisha gharama hizo. Kamera na nauli bado.

Hatari kubwa ni jina la tovuti kuandikishwa kwa fundi badala ya mwenye biashara. Wakikosana, anuani huondoka na wateja wake. Wawekezaji wanashauriwa kukagua usajili huo kabla ya kutoa fedha.