Uvimbe wa Mtoto: Ulianza Lini?

Mtoto akiletwa kwenye kituo cha afya Bunia, Ituri, na uvimbe mwekundu shavuni, watu huuliza utaondolewaje. Swali hilo limewahi mno. La kumuuliza mama kwanza ni hili: ulianza lini? Tangu 1982, madaktari Mulliken na Glowacki walipoyagawa maradhi haya ya mishipa ya damu katika makundi mawili, tiba imetegemea sana jibu hilo. Hemanjioma ya watoto wachanga hujitokeza katika wiki za kwanza, hukua mbio kwa miezi mitano hivi, kisha hunywea polepole kwa miaka. Kasoro ya mishipa huzaliwa na mtoto, hata kama haijaonekana bado, hukua naye na haiondoki. Ile ya vena ukiibonyeza hubonyea, mtoto akilia hujaa tena. Ile ya ateri huwa na joto na hudunda chini ya vidole.

Wako watakaosema kwamba bila mashine huko ni kubahatisha. Kweli, penye shaka ekografia ya Doppler inahitajika, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika. Lakini hapo ndipo maelezo ya mama yanapozidi thamani, pamoja na picha za mtoto zilizo kwenye simu yake. Katika Ituri, ambako njia si salama, rufaa isiyo na sababu ni gharama kubwa.

Wengine husema: uacheni, utaisha wenyewe. Kwa hemanjioma nyingi ni sawa, ila ikiwa karibu na jicho huweza kuharibu uwezo wa kuona, mdomoni huchanika na kuwa kidonda, na kidevuni, mtoto akikoroma anapopumua, huenda imeingia kooni. Hemanjioma hizo zina dawa: propranololi, kidonge cha zamani cha moyo, ambacho madaktari wa Bordeaux waligundua 2008 kuwa huifanya inywee. Katika utafiti uliotolewa 2015, uvimbe ulitoweka kabisa au karibu kabisa kwa asilimia 60 ya watoto waliopewa dozi kamili kwa miezi sita, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa dawa bandia. Si kidonge cha kukatakata nyumbani: hushusha sukari ya damu, kwa hiyo hutolewa pamoja na kunyonya, na husimamishwa mtoto akikataa ziwa au akitapika. Kwa kasoro ya mishipa hakina kazi, na kukimbilia kisu kwenye ile inayodunda ni kukaribisha damu isiyozuilika.

Mtu mzima akijibu kwamba ulianza mwaka huu, mambo hubadilika: vivimbe vya zambarau miguuni au mdomoni huenda ni saratani ya Kaposi, na kipimo cha VVU hakisubiri.